Nafasi ya Dokta Chuoni

Dokta hakuwa daktari wa watu, wala wa mifugo, wala wa kitu chochote kinachosomewa. Jina hilo alibandikwa na kinyozi mmoja kwa sababu ya miwani yake, na miwani yenyewe ilikuwa fremu tupu. Lakini mjini mtu akiitwa jina zuri hakatai, na Dokta hakuwa mtu wa kukataa vya bure.

Asubuhi ya Jumatatu moja alikuwa akikatiza uwanja wa chuo cha ufundi, akaona wanafunzi wamejazana kwenye ubao wa matangazo, nyuso zimewashuka. Dokta alizipenda sana nyuso zilizoshuka. Ndizo zilizomlisha miaka yote. Akajipenyeza, akasoma. Kila mwanafunzi, awe wa ushonaji, uashi au umeme, alitakiwa kutafuta vyanzo kumi mtandaoni na kueleza kwa nini kila kimoja kinaaminika au hakiaminiki. Atakayeshindwa hataingia mtihani wa mwisho. Kazi ikusanywe Ijumaa.

"Mimi najua kupitisha waya ukutani," akalalamika fundi umeme mmoja. "Nani kaandika nini huko mtandaoni, inanihusu nini?"

"Haikuhusu hata kidogo, mdogo wangu," akasema Dokta kwa sauti ya mfiwa. "Ndiyo maana sisi wataalamu tupo."

Kufikia saa nane mchana biashara ilikuwa imesimama langoni: meza ya kuazima, kompyuta yenye vitufe viwili pungufu, na Orodha ya Vyanzo Vilivyohakikiwa, kurasa mbili, kumi kwa kumi, sababu zote zimeandikwa, mwanafunzi ajaze jina tu. Maprofesa waliotajwa humo aliwazaa Dokta mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, akawawekea na picha katika tovuti aliyoitengeneza kwa saa moja. Chini ya kila orodha alipiga muhuri wa duara wenye kitabu, tai na nyota, maana mchonga mihuri alimpa achague na yeye akashindwa kuchagua. Kwa Dokta, karatasi bila muhuri ilikuwa karatasi ya kufungia vitumbua tu.

Jioni ile ile simu ikalia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, Ijumaa ya wiki ijayo nakuja mjini kupimwa macho. Nikitoka hospitali nitapitia hapo chuoni kwako, nione ofisi yako."

Dokta akaketi. Kwa miaka sita mama yule aliuambia ukoo mzima kwamba mwanawe ni daktari chuoni. Uongo mwingine wote wa Dokta ulikuwa wa kazini, na akishausema alilala fofofo. Huu mmoja ulikuwa wa nyumbani. Alimpenda mama yake, na aliiogopa Ijumaa ile kuliko alivyowahi kuogopa polisi.

Hata hivyo biashara haisubiri mtu atulize moyo. Kesho yake orodha zilikwenda kama maji ya bomba. Mteja mmoja tu ndiye aliyemtoa jasho: mwanamke wa makamo wa darasa la ushonaji, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola, aliyeitwa na wenzake Mama Cherehani.

"Huyu profesa namba nne ni nani?" akauliza.

"Bingwa wa dunia, mama."

"Ameandika lini?"

"Mama, elimu nayo unaiuliza tarehe?"

"Na akiandika hivi, anapata nini?"

"Thawabu."

Mama Cherehani akamtazama, akaitazama orodha. "Mwalimu katuambia tuulize hayo matatu. Nimeuliza, na sijapenda majibu. Lakini nina sare arobaini za shule za kushona kabla ya Ijumaa." Akalipa, akaondoka. Dokta akapumua.

Ijumaa kazi zikakusanywa, na Jumamosi meza ya langoni ikawa haipo. Dokta alikuwa na msimamo wake: mwenye kuuza majibu hakai kusubiri matokeo. Akabaki chumbani kwake, amekodoa macho darini, akitafuta namna ya kupata ofisi kabla mama hajafika. Alifikiria kuazima duka la jamaa yake wa viatu. Alifikiria hata kuugua.

Jumanne ikaingia barua pepe.

"Kwa Daktari Mheshimiwa Sana. Chuo kimevutiwa mno na kazi yako ya kuhakiki vyanzo. Tunakukaribisha ujiunge nasi. Utapewa meza yako, na jina lako litabandikwa mlangoni. Chukua fomu mapokezi, lipa kwenye dirisha la malipo, kisha fika Ijumaa saa nne, chumba namba saba. Fanya haraka, nafasi imebaki moja tu."

Mtu mwingine yeyote angeona kwamba anwani ya mtumaji si ya chuo bali ni zile za bure ambazo hata mtoto anafungua, na mkiani ina tarakimu nne zisizo na sababu. Angejiuliza pia tangu lini chuo kinambembeleza mtu kisha kinamtoza. Hayo maneno ya nafasi kubaki moja Dokta alikuwa ameyatumia yeye mwenyewe mara zisizo na idadi. Lakini alikuwa na mama njiani. Aliisoma barua mara tatu, na mara zote tatu alisoma neno "mlangoni".

Hakuwa mjinga wa kukubali bila kuchunguza, la hasha. Mapokezi alipopewa fomu aliigeuza kwenye mwanga, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba. Wino halisi, umezama kwenye karatasi, duara safi. Hii ilikuwa kazi ya watu wenye ofisi. Akajaza jina lake kamili, akatia sahihi pale chini bila kuhangaika na maneno ya juu, akapeleka dirishani pesa zote za orodha, akapewa risiti nayo ina muhuri. Akaikunja akaiweka mfuko wa ndani.

Ijumaa saa nne kasoro alisimama mbele ya chumba namba saba, amevaa koti la kuazima. Mlangoni palibandikwa karatasi, na juu yake jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho ambalo hata kinyozi halijui. Machozi yakamlengalenga. Hakushughulika na majina thelathini yaliyotangulia juu ya lake. Akasukuma mlango, akaenda moja kwa moja mbele, akakohoa kidogo.

"Wapendwa wasomi," akaanza.

"Karibu, namba thelathini na moja," akasema mwalimu wa kompyuta. "Umechelewa kujiandikisha, lakini umelipa. Meza yako ile pale dirishani."

Dokta akatoa risiti, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Ada ya kozi. Matumizi ya mtandao na upimaji wa taarifa, kwa waanzao. Ada haitarudishwa.

Mama Cherehani akainuka kwenye safu ya pili. "Tulipata sifuri darasa zima. Mwalimu katufundisha kutafuta picha ilikotoka. Yule bingwa wako wa dunia anauza magodoro kwenye tovuti moja, na kwenye nyingine ni mgonjwa aliyepona kiuno. Tumepewa wiki mbili turudie kazi. Ile barua pepe niliandika mimi, anwani yako nimeitoa kwenye tovuti yako, na ndiyo barua pepe yangu ya kwanza maishani." Akarekebisha kitenge chake. "Pesa tulizokupa ndizo zimekulipia ada. Sasa soma, usituangushe."

Dokta alikuwa ameshapima umbali wa mlango. Angeufikia kwa hatua nne, kama mlango usingefunguliwa na bibi mwenye miwani mipya.

"Hodi. Namtafuta mwanangu. Jina lake nimeliona hapo nje."

Mama yake akatazama ubao, akatazama madawati, akasogea akaichukua risiti mkononi mwa mwanawe. Akaisoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka muhuri.

"Kwa hiyo udaktari hakuna," akasema.

"Hakuna, mama."

"Na ada hii, imelipwa kweli?"

"Imelipwa," akasema mwalimu.

Bibi akakunja risiti, akaitia kwenye mkoba wake. Akavuta kiti cha nyuma, jirani kabisa na mlango, akaketi.

"Basi kaa, mwanangu. Mwalimu, endelea. Mimi basi langu ni saa kumi."