Malalamiko Kuhusu Neno «Intelo» Katika Avenyu Yetu

Mangobo, Kisangani, tarehe 14 Mei

Kwa Papa Shefu wa Kartie, mkuu wa mtaa wetu,

Kwa heshima zote, mimi Abdulhamid Mahmoudi, fundi wa redio, nakuomba upige marufuku maneno mawili katika avenyu yetu. Sababu ni hizi.

1. Mwezi wa pili, jirani yangu Mama Laurette aliniomba nimsomee karatasi ya dawa yake. Nikamsomea, kisha nikamchorea ini ili aone dawa inapita wapi. Akasema, «Wee uko intelo kweli!», yaani msomi mwenye akili nyingi. Kabla jua halijazama, watoto, wauza chikwange, ile mikate ya muhogo, hata imamu, wote waliniita Intelo. Tangu hapo jina langu halijatajwa.

2. Kwenye arusi ya jirani yetu Malika niliombwa nitoe neno la furaha. Watu walikuwa wengi, nikashika kipaza sauti, nikaeleza jinsi kinavyofanya kazi. Kesho yake nikaitwa yuma, yaani mjinga asiyejua lolote. Papa Shefu, mtu hawezi kuwa intelo Jumamosi na yuma Jumapili. Wachague.

3. Wiki iliyopita pikipiki ilinigonga karibu na soko. Mwenye pikipiki akanipeleka kituo cha afya, akamwambia muuguzi, «Huyu iko Intelo wa Mangobo.» Ikaandikwa hivyo. Mama yangu alipofika kumuulizia Abdulhamid, akajibiwa hayumo. Alikuwa ameona damu barabarani. Akarudi nyumbani akilia kwamba nimekufa.

Nilipofika na bandeji kichwani, nilikuta mikeka imetandikwa na watu wanaomboleza. Hakuna aliyeshtuka. Mama Laurette alinisogezea kiti: «Ikala, Intelo. Abdulhamid alishatuacha.» Nikaketi. Nikapokea pole, nikanywa chai. Ni mama peke yake aliyenitambua. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita jina langu, nami nikalia kuliko wafiwa wote.

Kwa hiyo naomba: atakayesema «intelo» au «yuma» asimame mbele ya ofisi yako, ataje jina langu kamili mara mia moja, kwa sauti.

Nisalimie Mama Shefu, watoto, katibu wako, na wote waliokuja kunililia.

Mimi niliye hai,
Abdulhamid Mahmoudi

Nyongeza: Juzi amehamia kwetu mwalimu mmoja, Sébastien. Anahesabu hatua kutoka mlangoni kwake hadi bombani, na kuziandika daftarini. Nimempa jina la Kalkulatrisi, ile mashine ya hesabu, na limeshika vizuri sana; hata mke wake analitumia. Tafadhali, marufuku yahusu yale maneno mawili tu.