Bamba la Maonyesho

Gari la Bertilla lilipoingia mtaa wa Majengo, Sumbawanga, likiburuza kitu chini ya tumbo lake, Valerian aliweka kikombe cha chai chini. Mtu mwingine angesikia ekzosi iliyolegea. Valerian alisikia kodi ya nyumba.

Karakana yake ilikuwa turubai, jeki na bamba moja la chuma la kukinga injini, lililoegemea nguzo. Bamba ndilo lililokuwa mtaji. Lilikuwa chuma halisi, nene kama kitabu cha sala, na alilipata kwa njia isiyohusiana na hadithi hii. Kila mteja alikabidhiwa nyundo alipige mpaka achoke. Akishachoka alilipa, akaenda kula, na huku nyuma Valerian alifunga chini ya gari bamba jingine, lililokatwa kwenye pipa la lami na kupakwa rangi nyeusi. Lile la chuma lilirudi kwenye nguzo kusubiri nyundo nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hili gari nimelinunua juzi. Nataka kushuka nalo bondeni, Kaoze, kwa njia ya mawe."

"Ile ya ng'ombe? Mama, barabara ipo."

"Barabarani kuna geti la ushuru. Mimi nafanya biashara ya mpunga, sigawi msaada."

Valerian alimheshimu papo hapo. Mkwepa ushuru akitapeliwa, haendi kulalamika kituoni.

"Basi sikiliza. Jiwe likigonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inamwagika na injini inakufa kabla hujashuka kuangalia. Kwa hiyo tunakinga. Bamba linafungwa kwenye chesisi, si kwenye injini. Tunaacha tundu la kutolea oili, tunaacha nafasi ya upepo. Na wewe, kwa kuwa ni mgeni wa mawe, usilipitishe jiwe katikati ya magurudumu. Likanyage kwa tairi."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Uongo wa Valerian ulianzia kwenye spana.

Bertilla alichukua nyundo. Hakupiga kwa hasira kama wengine. Alichagua kona moja, akapiga kwa ncha, taratibu, mpaka alama zikakaa kama msalaba.

"Mazoea tu," alisema. "Hata magunia yangu nayawekea."

Akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo lingemshtua mtu mwaminifu.

Jioni alirudi, bati la pipa limeshafungwa. Hakuinama hata kulitazama.

"Kesho baada ya misa tunashuka."

"Tunashuka?"

"Kwetu bondeni, fundi aliyegusa gari hukaa kiti cha mbele safari ya kwanza. Gari likifa, fundi anabeba mzigo. Hukujua?"

"Mama, kesho mimi nina…"

"Nenda, mshikaji," alidakia Romani, mziba pancha wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumwona Valerian akipanda gari alilolihudumia. "Au bamba halifai?"

Mafundi wa vibanda vyote waligeuka kusubiri jibu. Kukataa kulikuwa sawa na kukiri, na kukiri kulikuwa sawa na kuhama mji.

"Nitakuja," alisema Valerian.

Alilitafakari jambo hilo kwa utulivu wa msomi. Bati la pipa lisingevumilia hata jiwe la tatu, kisha angekuwa mteremkoni na gari bovu, magunia, na mwanamke anayejua kutumia nyundo. Dawa ilikuwa moja: afunge lile la chuma, washuke, wapande, kisha abadilishe tena kwa kisingizio cha kukaza nati.

Jumapili Bertilla alimletea gari asubuhi. "Lioshe. Leo Padri ana ubatizo, nitakawia."

Watoto wa Sumbawanga walibatizwa kwa wingi siku hiyo, na Valerian akapata muda wote aliouhitaji. Bertilla alirudi, akatandika kitenge, akalala chali na gauni lake la kanisani, akachungulia chini ya gari.

"Naangalia kama oili inavuja," alisema. Aliinuka akitabasamu.

Wakaiacha baridi ya juu, wakaanza kuteremka.

"Kanyaga jiwe, mama. Usilipitishe katikati."

Bertilla alilipitisha katikati kila jiwe lililostahili. Bamba lililia kama kengele ya parokia, wala halikutikisika. Valerian aliona fahari kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia bidhaa yake ikifanya kazi.

Kaoze, kwenye joto, kijana alitoka nyumbani kuwapokea. Valerian aliikumbuka mikono yake: aliwahi kupiga nyundo mpaka akavua koti.

"Huyu ni mdogo wangu Adolfu," alisema Bertilla. "Bamba ulilomfungia lilikunjika kama kitambaa. Injini yake ile pale, kuku wanatagia."

Kweli kuku mmoja alikuwa ameatamia, na alimtazama Valerian vibaya.

"Lakini mama, hili bamba si…"

"Si nini?"

Valerian aligeuka kumtazama kuku.

"Malizia, fundi. Si langu? Nililipia lenye msalaba, na lenye msalaba ndilo lililo chini ya gari. Hujaniibia kitu."

"Basi tukirudi mjini nitakaza nati. Safari ya kwanza huzilegeza."

"Adolfu atakaza. Gari linabaki huku."

"Na mpunga? Na geti?"

"Ushuru nalipaga. Nilikwambia vile utulie. Mwizi hutulia akidhani mwenzake naye mwizi."

Walimpa chakula, kwa sababu ni watu wa heshima, kisha wakamwonyesha njia ya kupanda kwa miguu.

Jumatano mteja mpya alisimama mbele ya turubai. Kwenye nguzo liliegemea bati la pipa, limepakwa rangi nyeusi upya, linapendeza.

"Nasikia kwako mtu anaruhusiwa kupiga," alisema mteja.

"Nyundo imepotea, bwana," alisema Valerian.

Romani aliacha tairi lake, akavuka barabara na nyundo yake mkononi.