Vita vya Kabichi za Boito na Mstari wa Mwisho

Enyi wachumaji wa majani mabichi ya chai, mliokaa na mliosimama, tueni vikapu mnisikilize, kwa maana nawasimulia vita vilivyopiganwa Boito mwaka wa tisini na nne, ambavyo shujaa wake nilikuwa mimi, Kipkirui, Simba wa Kalamu ya Biki, na adui walikuwa kabichi mia nne.

Kabichi hizo nilizipanda katika shamba la mahindi la mke wangu bila kumuuliza. Mvua ya kila alasiri ikazinenepesha hadi zikaanza kupasuka. Ndipo Chemutai, Mama wa Maneno Machache, akasimama mlangoni akanena: "Baba Kiptum, nimenyamaza vya kutosha. Zisipoisha kufikia Jumamosi nafungulia ng'ombe, na hilo shamba hutaligusa tena." Niliogopa, nakiri.

Basi nikatwaa fulskepu nikaandika tangazo. Na lilikuwa tangazo! Kurasa mbili nzima nilizisifu kabichi zangu, nikazifananisha na vilima vya Konoin, nikamtaja hata Mfalme Suleimani katika fahari yake yote. Mwishoni, nikiwa hoi kwa ushujaa, nikamalizia: "Njooni mwone." Nikalibandika kwenye ukuta wa kituo cha kupimia majani, nikarudi nyumbani kungoja mataifa.

Mataifa yakaja, yakaona. Na nani wa kwetu atamwacha mgeni aende bila chai? Chemutai alichemsha na kumimina, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vikashushwa. Mzee Chepyegon, baada ya kikombe cha tatu, alizunguka shamba lote, akavua kofia, akaziombea kabichi baraka, kisha akaenda zake na kikapu kitupu mgongoni. Kwa siku tatu nilipokea wageni thelathini na mmoja, na sikuuza hata kabichi moja.

"Ewe mke wangu," nikahutubia, "kizazi hiki kimekuja kutumalizia majani ya chai!"

Chemutai alikuwa akiosha vikombe. "Wewe uliwaambia waje waone, wakaja wakaona. Uliwaambia nini kingine?"

Nikatazama barabarani, pale watu walipokuwa wakitoka kupimiwa majani, na kila mgongo ulibeba kikapu kitupu. Nimeishi hapa miaka arobaini na miwili, na jambo hilo sikuwahi kuliona.

Ijumaa asubuhi nikaenda kituoni, nikafuta "Njooni mwone," nikaandika: "Ukishapimiwa majani leo, usirudi na kikapu kitupu. Pita kwa Kipkirui, mlango wa buluu, utie kabichi mbili kwa shilingi kumi."

Kufikia jioni shamba lilikuwa visiki vitupu. Hata kabichi ya chakula chetu ilikuwa imeondoka na Mzee Chepyegon, tukala ugali kwa maziwa.

Jumamosi Chemutai alifungulia ng'ombe vilevile, waje kula visiki. Kisha akaenda kulibandua tangazo langu, akaukata ule mstari wa mwisho kwa makasi, akaubandika juu ya kabati la vikombe. Zile kurasa mbili akawashia moto wa chai.

"Huu ndio uliouza kabichi," akasema. "Hizo zingine ulikuwa unajisifu tu. Haya, shamba ni lako msimu mmoja zaidi."

Na iandikwe, vizazi visome, kwamba siku ile Simba wa Kalamu ya Biki aliketi jikoni akanywa chai iliyochemshwa kwa sifa zake mwenyewe, na ilikuwa tamu.