Kadi ya Kwanza na Kadi ya Pili

Jumatatu, 4 Mei
Mdogo wa mke wangu kajifungua ng'ambo. Jumapili mama mkwe anakuja kwetu kumwona mjukuu kwa video. Anataka kujua jambo moja tu: mtoto kachukua paji la uso la marehemu babu yake? Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema simu yake inatosha. Simu! Kioo kama kipande cha sabuni, na mama haoni vizuri! Nikatangaza mbele ya wote kwamba laptopu yangu ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Kuukuu, ndiyo. Lakini kioo kipana.

Na shemeji nitamkomesha. Kadi mbili za mtandao: ya ndani ya laptopu inapokea intaneti kwa waya utokao barabarani, ya kuchomeka pembeni inaigawia nyumba nzima bila waya. Nywila nimechagua mwenyewe: shemejihajuikitu. Akitaka intaneti, ataiandika kwa vidole vyake.

Jumanne, 5 Mei
Inafanya kazi! Shemeji kaandika nywila huku kanuna. Siku tamu.

Jumatano, 6 Mei
Nimewasha. Kimya. Kumbe kila laptopu inapowaka, kadi inayowahi kuamka ndiyo inayoitwa ya kwanza, na ya kwanza ndiyo inayopewa kazi ya kupokea. Leo ya pembeni imewahi. Laptopu ikawa inaomba intaneti kwa simu ya shemeji ili iigawie barabara! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Nikazima, nikawasha tena. Ikakubali. Dawa yake: isizimwe tena kamwe.

Alhamisi, 7 Mei
Mke wangu, mkunga, kachomoa waya wa umeme apige pasi sare yake. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, ikazimika papo hapo. Nikafoka. Yeye akasema taratibu kwamba wodini mapacha hawaitwi wa kwanza na wa pili tu basi; wanafungwa utepe wenye namba mkononi. Kwani kadi hazina namba? Nikamjibu laptopu haizai.

Ijumaa, 8 Mei
Nimepata wazo. Langu mwenyewe kabisa! Kila kadi ina namba yake. Nimeziandika kwenye faili linalosomwa laptopu inapowaka: namba hii ipokee, ile igawe. Nimezima na kuwasha mara kibao. Haikosei! Nikamweleza mke wangu. Akanipa hongera huku anatabasamu, sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Mei
Asubuhi shemeji kasema kadi yangu ya pembeni imechoka. Imechoka! Nikakimbia kwa fundi wa simu, nikabadilishana naye kadi. Mpya, inang'aa, ina antena. Nikachomeka, nikawasha. Laptopu ikaanza kuitafuta namba ya ile ya zamani. Ikagoma kuendelea bila hiyo. Nikarudi mbio kwa fundi: kashafunga.

Mama mkwe amekaa mbele ya kioo cheusi, mkoba mapajani, kavaa nguo yake nzuri kuliko zote. Shemeji akatoa simu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mama akaisogeza mpaka puani. Akaona ukungu. Akauliza kwa sauti ndogo kama paji ni lile. Mke wangu akamjibu ndilo, mama, ndilo hilo hilo. Mama akalia. Niliona aibu, nikatoka nje.

Jumatatu, 11 Mei
Mama mkwe atarudi Jumapili ijayo, amwone mtoto vizuri kwenye kioo kipana. Bado ananiamini! Fundi kanirudishia kadi ya zamani, na laptopu imewaka bila shida. Mke wangu kaniomba nisiguse kitu tena, hata kwa kidole. Sikubishana naye.

Kosa nimeshaliona: kadi mbili ni chache. Nimeagiza ya tatu.