Bingwa wa Kengele

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu. Ukiranja mkuu sikuuomba! Mwalimu mkuu aliuliza nani yuko tayari kuongoza, nami nilikuwa nimenyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ilikuwa siku ya kuzungumza Kiingereza tu. Nikiwa bado naipanga sentensi kichwani, makofi yakalia. Nikaona haya kukanusha. Mama katangazia mtaa mzima. Sasa Ijumaa wazazi wanakuja, na nikiboronga, beji anapewa makamu wangu, Domo. Mama atauficha wapi uso wake?

Jumanne, 4 Juni

Mwalimu mkuu kanifunda: kiongozi huwa bingwa wa jambo moja, mengine huwagawia wenzake, kila mtu kwa uwezo wake. Afadhali! Nimechagua kengele. Kengele haikutazami usoni. Mengine nimegawa. Usafi, Domo. Viti, Domo. Hotuba, Domo. Viranja wengine nilishindwa kuwasogelea, wana macho. Domo akauliza mimi nitafanya nini. Nikasema nitasimamia. Akacheka mpaka akashika mbavu. Sijaelewa.

Jioni nimefanya mazoezi kwa sufuria na mwiko. Bibi kasema kama nina njaa niseme, nisimtobolee vyombo.

Alhamisi, 6 Juni

Domo naye kagawa! Viti kawapa kidato cha kwanza, usafi kawapa wale wanaopenda kuchezea maji. Si uvivu huo? Na bado wanamwita mkuu! Wivu ukanikaba. Nikaamua kusaidia, kimyakimya. Nikavitoa viti vyote ukumbini, nikavipanga uwanjani. Kumbe ukumbini ndiko vilikotakiwa. Domo akaniuliza, "Mkuu, nani kakutuma?" Nikajikuta nasema, "Wewe."

Ijumaa, 7 Juni

Nilipiga kengele ya kuwaita wazazi. Safi kabisa! Mama akanipungia mkono. Domo akahutubia, wakamshangilia, nami kwa furaha nikaipiga tena, ndefu, tamu. Ndefu ni ya kwenda nyumbani. Shule nzima ikabeba mabegi, mbio! Wazazi wakakimbilia watoto wao. Akabaki mwalimu mkuu na maikrofoni.

Beji anayo Domo. Mama aliondoka na umati, hajui.

Kosa langu nimeligundua: kengele nayo ningempa Domo. Basi leo nimegawa vizuri. Kumweleza mama nimempa mdogo wangu, bingwa wa maneno. Namsikia sebuleni. Anasema yeye kapewa mwanzo tu, mwisho kaniachia mimi. Hivi kazi iliyogawiwa inaruhusiwa kurudi?

Nyayo. Za mama. Ukurasa huu chini ya godo—