Kebo Chini ya Liki Zangu

Jumatatu, 3 Februari

Baridi kali. Taa ya kibanda cha Alwyn Raine imewaka mchana kutwa. Jirani huyu ametwaa kombe la liki, vile vitunguu virefu vya shina nene, katika klabu yetu ya bustani miaka mitatu mfululizo, na siri yake naijua: miche yake inalelewa kwa joto na mwanga, yangu inatetemeka dirishani juu ya sinki. Nimeamua. Kibanda changu cha bustani nacho kitapata umeme, pamoja na boksi lake la fyuzi, la pili baada ya lile la nyumbani. Alwyn asijue.

Mke wangu Glenys kasema nimwite Hazel, binti wa dada yake, ambaye ni fundi umeme. Nikamjibu kazi hii naiweza. Glenys kaniuliza nani alifunga kengele yetu, inayolia kila mtu akibonyeza ya Alwyn.

Nimemwita Hazel.

Jumatano, 5 Februari

Hazel kaja, kanywa chai, kavuruga mpango. Mimi nilitaka kebo itoke kwenye mita hadi kibandani moja kwa moja, fyuzi zikae huko ninakoziona. Kasema fyuzi za kibandani zinalinda vinavyotoka kibandani. Kebo yenyewe, njia nzima toka nyumbani, italindwa na nani? Nikamwonyesha ile fyuzi kubwa ya kampuni pale kwenye mita. Kacheka. "Anko, hiyo ni kubwa mno. Kebo yako itateketea yote, fyuzi hiyo imetulia tu."

Kwa hiyo mlinzi, swichi inayojikata yenyewe, anakaa mwanzo wa kebo, ndani ya nyumba. Sikujua kama waya nao unahitaji mlinzi. Baada ya chakula nimekaa naukodolea macho ukuta wa sebule, najiuliza humo ndani nani anamlinda nani. Glenys kaniuliza kama naumwa.

Pia kebo iwe imevikwa nyaya za chuma, ifukiwe chini kuliko sepetu inavyofika, na juu yake utepe wa njano wa onyo. Nimeuliza sepetu ya nani. Kasema ya yeyote. Katika bustani hii mwenye sepetu ni mimi.

Jumamosi, 8 Februari

Nachimba mtaro. Kichwa cha Alwyn juu ya uzio. "Cuthbert, unamzika nani?"

Hapo nikapata wazo, na sijui lilitoka wapi. Nimemwambia ni njia ya babu yangu ya kukuza liki, mambo ya mizizi, asiniulize zaidi. Kisha nimemwaga chupa nzima ya bia nyeusi mtaroni, taratibu, huku nikisogeza midomo kama nanuiza jambo. Alwyn kaitazama chupa mpaka tone la mwisho. Mkuza liki akisikia neno siri hali wala halali.

Jumapili, 9 Februari

Shida. Mtaro unapita chini ya tuta langu la liki, udongo niliousumbukia miaka kumi na moja, na liki mama za mbegu bado zimesimama humo. Kuchimba chini vile ni kuziua. Pale katikati nimepitisha kebo juujuu, karibu na mizizi. Utepe nimeuacha kwenye droo. Njano ile Alwyn angeiona hata akiwa kitandani kwake.

Jumanne, 11 Februari

Hazel kaunganisha. Ncha zote mbili za mtaro kazikuta zimekwenda chini sawasawa. Katikati palikuwa pamefukiwa. Kaniuliza kama kote ni vilevile. Nimesema kote. Kapima, kaguna, kawasha. Kibanda kizima kimejaa mwanga! Nimehamisha miche. Nina furaha ya mtoto.

Ijumaa, 14 Februari

Alwyn anachimba mtaro kwake. Anamwaga bia. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 16 Februari

Tulikwenda kula nyama ya kuoka kwa dada yake Glenys. Tumerudi, kibanda giza, Alwyn amekaa kwenye tuta langu la liki, mtaimbo wa chuma pembeni, ncha yake imeungua. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, kwa hiyo hakuja na sepetu. Alitaka tu kujua nimefukia nini. Akapiga mara moja, mshindo, cheche, akajikuta chini.

Hakuwa na hata jeraha. Ile swichi ya Hazel iliyo mwanzo wa kebo ilijikata papo hapo. Mimi niliogopa sana, nilimshika mabega nikamwambia pole bila kukumbuka kwamba mwizi ni yeye. Glenys kampa chai yenye sukari nyingi.

Jumatatu, 17 Februari

Hazel hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Anko, nilikuuliza." Kasema kama ningefanya nilivyotaka, fyuzi zote kibandani na mwanzoni hakuna kitu, leo Alwyn angekuwa anaandaliwa mazishi. Kasimama juu yangu mpaka nikachimba upya, chini kabisa, katikati ya tuta. Kebo mpya. Utepe kaulaza mwenyewe. Liki mama nilizing'oa na udongo wake, nikazirudisha palepale juu. Nimeona aibu. Nimeapa mbele ya Glenys: ujanja basi.

Jumamosi, 22 Februari

Alwyn kaja na keki. Kaomba msamaha, kisha kasogea karibu, kanong'ona. Anaelewa sasa, kasema. Bia ilikuwa ya kumpoteza tu. Siri ni umeme. Unapita chini, unaamsha mizizi. Babu yangu alikuwa kichwa!

Nilimwacha aamini. Alipoondoka nilikwenda kuzitazama liki mama, kwa kumcheka tu. Ile iliyokuwa juu kabisa ya kebo ya kwanza ni nene kuliko wenzake. Nimeipima kwa uzi. Nimeipima tena.

Na tangu Hazel ashushe kebo haijanenepa hata kidogo.

Kesho Glenys anakwenda kanisani. Nitachimba taratibu, nisogeze kebo juu kidogo. Na ule utepe nautoa. Huenda unazuia.