Choo cha Stendi ya Skelbeck Chasubiri Maana ya Tatu

Halmashauri ya Skelbeck, mji wa Yorkshire kule Uingereza, ilitangaza kwamba "fettle", kitenzi cha lahaja ya kwao, sasa ni mali ya umma. Mwenyekiti Barnaby Ackroyd alivaa mkufu wake wa cheo na kutembea mjini kama mtu aliyekizaa yeye mwenyewe.

Ilibidi. Watu wa Yorkshire walikuwa wanakitumia kiholela: leo wanatengenezea baiskeli, kesho wanasafishia jiko, kesho kutwa wanamnyooshea jirani mwenye mdomo. Ikaundwa Kamati ya Chimbuko na Maana. Amri ikatoka: mpaka upembuzi yakinifu ukamilike, itumike maana ya kwanza tu. Nyingine zikae foleni, kama Waingereza wenzao.

Sasa Mavis Sugden, muuza chai wa stendi na mshika ufunguo wa choo cha pale, alikuwa ameomba kifanyiwe "fettle", yaani kitengenezwe. Bomba lilikuwa limepasuka tangu majira ya baridi. Ombi, kwa kuwa lina kitenzi, likapelekwa kwenye Kamati badala ya kwa fundi.

"Wateja hawanywi, kipenzi," Mavis alimlalamikia Mwenyekiti. Kule hata Mwenyekiti huitwa kipenzi. "Nani anywe chai pasipo na choo? Nitafunga kibanda."

"Mavis, kwenye orodha ya Kamati kutengeneza ni maana ya tatu. Tukiruhusu maana ziruke foleni, kesho watu nao wataruka."

Siku ya kuzindua kibao cha neno hilo pale stendi, mvua ilinyesha ya kuudhi. Mwenyekiti alijipasha moto kwa chai, na Mavis, kwa ukarimu usio kawaida yake, kila kikombe kikipungua anajaza.

"Ongeza, kipenzi. Ya bure hiyo."

Hotuba ilipofika kwa wahenga, Mwenyekiti alianza kusimama kwa mguu mmoja. Akawaruka wahenga, akavuta pazia. Kibao kilisomeka: FETTLE. CHIMBUKO: MKANDA. MAANA YA KWANZA: KUJIFUNGA MKANDA. Makofi. Yeye tayari yuko kibandani.

"Mavis, ufunguo!"

"Wa nini, kipenzi?"

"Acha utani, nimebanwa!"

"Maskini. Bomba bado liko kwenye foleni."

"Amri nimeifuta! Aitwe fundi!"

"Fundi ni kesho asubuhi. Kwa leo..." Mavis akaelekeza kijiko kwenye kibao. "Maana ya kwanza."

Mpiga picha akaomba Mwenyekiti arudi, asimame karibu na kibao, atabasamu.

Picha hiyo imetundikwa sasa ndani ya choo cha stendi, ambacho kinafanya kazi vizuri sana. Mwenyekiti amekunja miguu, mikono yote miwili imeshika mkanda. Hakuna raia wa Skelbeck aliyewahi kuitii amri ile kwa moyo kama yeye.